Tapas si uchoyo, mliagiza vibaya

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo gazetini. Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini, hii ndo mara ya kwanza na naandika kwa simu, kwa hivyo mkiona makosa mtarekebisha wenyewe. Lakini ile makala mlotoa kwenye ukurasa wa safari kuhusu Uhispania imenikera mpaka nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu anasema alifika Barcelona, akaingia mkahawani na mwenziwe, wakaagiza tapas, wakaletewa visahani vya kuchezea watoto, wakalipa euro 60 na kitu, wakatoka na njaa. Halafu anamalizia ati Wahispania ni wachoyo na hizo tapas ni ujanja wa kumchuna mgeni, afadhali mtu ajiendee zake akale baga. Baga, jamani! Upande ndege masaa yote hayo ukale baga.

Ngoja kwanza niseme mimi ni nani, maana najua kuna mtu atauliza huyu mama wa Mombasa anajuaje mambo ya huko. Nauza viazi karai, bajia, kachori na katlesi hapa Mji wa Kale, mwaka wa 22 huu, na mwanangu wa mwisho anasoma Granada, kule kusini mwa Uhispania. Mwaka jana mwezi wa sita alijinyima akanitumia tiketi nikaenda nikakaa naye wiki tatu, siku nyingi nilikuwa Granada, halafu Sevilla siku tatu na Madrid siku mbili za mwisho. Wiki tatu hazimfanyi mtu mjuzi, najua. Lakini vitu vidogo vya kukaanga vinavyoliwa jioni watu wamesimama, hapo mhariri usinifundishe, hiyo ndo kazi iliyonilelea watoto wanne.

Sasa kosa la kwanza la mwandishi wenu ni kudhani tapas ni chakula fulani, kama mtu anavyosema pilau au biriani. Tapas ni mtindo wa kula. Neno lenyewe latokana na tapar, kufunika, tapa ni kifuniko, na wenyewe wana hadithi zao kibao za mwanzo wake, ile wanayoipenda zaidi ni kuwa zamani wenye baa walikuwa wakifunika gilasi ya mteja kwa kipande cha mkate ili inzi wasiingie, yaani kama kawa zetu vile, isipokuwa wao kawa wakaila. Chochote chaweza kuwa tapa, zeituni nne tano, kipande cha jibini, ngisi wa kukaanga, kijiko cha mchuzi wa dengu. Kinachokifanya tapa ni ule udogo na vile unavyokila, unasimama kaunta, unakunywa kitu, unaonja, unapiga soga, unalipa, unatoka unaenda baa ya pili ambako wao wanajulikana kwa kitu kingine. Wanasema vamos de tapas kama sisi tunavyosema twende tukapunge upepo.

Na hebu fikiria jioni ya Jumapili kule Mama Ngina, hapa kwetu Mombasa kando ya bahari. Unaanza na mihogo ya pilipili na ndimu, unaila ukitembea, mbele unakutana na mtu wa mishkaki unachukua miwili, watoto wanataka kachri, mwisho unamaliza na dafu ukiangalia meli zinaingia. Je, kuna mtu anakaa kwa yule wa mihogo akamwambia mimi leo nashibia hapa hapa, nitilie sahani sita kwa mpigo? Na akiambiwa bili aseme watu wa Mombasa wachoyo? Hivyo ndivyo alivyofanya mwandishi wenu.

Lakini nisijifanye mtakatifu, na mimi nilikosea, tena vibaya. Siku ya kwanza nimefika mchana, nikalala kidogo, kuamka saa kumi na mbili jioni njaa ya ndege yanisumbua, nkamwambia mwanangu twende tukale. Akacheka. Akasema mama saa hii hakuna anaepika. Sikumwamini, tukazunguka mitaa ile yote na kweli baa ziko wazi lakini jikoni kumefungwa, watu wana vikombe vya kahawa tu mbele yao. Wale chakula cha mchana wanakula saa nane mpaka saa kumi hivi, halafu jikoni kunalala mpaka saa mbili na nusu au saa tatu za usiku. Mgeni anaetaka kula saa moja anabakiwa na zile sehemu zilizobandika picha za chakula mlangoni, paella, ule wali wao, ya njano inang'aa kama taa, na nna wasiwasi hapo ndipo alipoangukia ndugu yetu.

Nilidhani ni uvivu au ni ujeuri tu wa kuchelewa. Kumbe saa yao ndo imehamishwa. Mwaka 1940 mtawala wao Franco alisogeza saa ya nchi mbele kwa saa moja ifanane na ya Ujerumani, na mpaka leo hawajairudisha, kwa hivyo ukiangalia ramani Uhispania iko chini ya Uingereza lakini saa zao ni za Berlin. Mwezi wa sita Granada magharibi inaingia karibu saa nne kasorobo usiku, isha ndo hata sikwambii. Nilikuwa nasali magharibi wakati ambao nyumbani nshalala fofofo. Kwa hivyo mtu anaekula saa nne usiku kule jua ndo kwanza limezama, hajachelewa kitu. Nikazoea. Mchana nakula vizuri, jioni nakunywa chai na kipande cha keki, usiku ndo tunatoka.

Siku ya pili nikafanya kosa kubwa zaidi. Tumekaa nje kwenye uwanja mmoja, meza nzuri, kitambaa, weita kaja na menyu. Mwanangu kaenda msalani. Mimi kizungu cha huko sijui lakini samaki najua kumwona, nikamwonyesha weita kwa kidole, hiki, na hiki, na hiki, na hiki. Vinne. Sikuona kuwa kila chakula kina bei tatu mbele yake, tapa, media ración, ración, na kidole changu kilikuwa upande wa mwisho kulia. Basi vikaja. Mhariri, ilikuja sinia ya vidagaa vya kukaanga ambayo ingelisha harusi. Ikaja ya ngisi. Ikaja ya biringani. Ikaja ya saladi ya viazi na mayonezi na jodari, wanaiita ensaladilla rusa, mlima mzima umewekwa vijiti vya mkate juu kama bendera. Mwanangu anarudi anakuta meza imejaa hakuna pa kuweka mkono, akaniuliza mama umealika watu? Tulilipa euro 58 na tukaondoka tumebeba mifuko, na samaki wa kukaanga wa jana mnamjua alivyo.

Kwa hivyo pesa tulolipa ni karibu sawa na za mwandishi wenu, yeye alitoka na njaa mimi nilitoka na mizigo, na sote wawili hatukuibiwa. Hatukuuliza tu. Tapa ni ya mtu mmoja kuonja, media ración ni ya watu wawili, ración ni ya meza nzima, watu watatu wanne wanachovya pamoja. Ukishajua hivyo unaangalia safu ya kwanza kushoto, unaagiza viwili tu, unasubiri vije uvione ukubwa wake, ndo unaongeza. Hawatakukasirikia ukiagiza kidogo kidogo, huko ndo kuagiza kwenyewe. Na ukikaa nje uwanjani mara nyingi bei inapanda kidogo kuliko ukisimama kaunta, kwa hivyo mimi na goti langu hili nilikuwa naomba stuli ndani nakaa hapo hapo kaunta.

Kaunta ndo kwenye raha yenyewe. Kwanza neno baa lisiwashtue wasomaji, baa ya kule si kama baa ya hapa kwetu, bibi kizee anakuja saa tatu asubuhi kunywa kahawa na mkate wa nyanya, watoto wanaletwa, padri yuko pembeni na gazeti lake. Pili pana kelele, mashallah, zile kelele ni kama soko la Marikiti Ijumaa asubuhi. Ukikaa kimya unasubiri uhudumiwe utasubiri mpaka kesho. Mwanangu alinifundisha kusema ponme, maana yake niwekee, halafu unataja kitu. Mimi nikaona huo si utovu wa adabu? Kumwambia mtu niwekee tu bila tafadhali? Akasema hapana mama, hapa ukizidisha tafadhali na samahani nyingi wanakuona mgeni, adabu yao iko kwenye sauti, na ukitaka kuwa mpole unaongeza cuando puedas, yaani ukipata nafasi. Ponme dos de tortilla, cuando puedas, niwekee mbili za tortilla, ile ya mayai na viazi, ukipata nafasi. Nikaipenda hiyo, maana hata mimi mteja anaenambia mama nitilie viazi vya hamsini ukipata nafasi nampenda kuliko yule wa samahani sana naomba kuuliza kama inawezekana.

Na sasa nije kwenye jambo litakalomuumiza mwandishi wenu. Granada tapa ni ya bure. Ndio, bure. Unaagiza kinywaji, mimi nilikuwa nakunywa mosto, ni juisi ya zabibu isiyo na kilevi, euro 2 na senti 80 kama shilingi mia nne hivi, na mwenye baa anakuwekea na kisahani bila kuombwa. Huchagui, analeta alichopika. Ukiagiza kinywaji cha pili kisahani kinabadilika, na wengi wanasema cha pili huwa kizuri kuliko cha kwanza na mimi naona ni kweli. Vinywaji vitatu, visahani vitatu, mtu ameshiba. Soda pia inakuja na tapa, lakini ukiagiza kahawa usitarajie kitu. Hivyo hivyo Almería, na huko unachagua mwenyewe, na Jaén, na León kule kaskazini. Sevilla na Madrid unalipia, ingawa Madrid wakikupa kinywaji huwa hawakosi kukutupia zeituni au krispi. Barcelona hiyo desturi si yao, na mwandishi wenu kaenda kuitafuta kwenye mtaa wa watalii Barcelona halafu anaandikia nchi nzima. Ni kama mtu aje kula urojo Nairobi halafu akaandike kuwa Zanzibar hawajui kupika.

Kwa sisi Waislamu najua swali lenu, na nimeulizwa sana tangu nirudi. Nguruwe yuko kila mahali, sikufichi. Miguu mizima ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, ndo wanaita jamón, imening'inia juu ya vichwa vya wateja na vijikombe vya plastiki chini yake vya kukinga mafuta yanayodondoka. Siku ya tatu nilimwambia mwanangu mwambie mimi sili nyama, sin carne. Akamwambia. Kikaja kisahani cha maharagwe mapana ya kijani yananukia kitunguu thomu, nshainua uma, nikaona vipande vyekundu vyekundu. Nikaita mwanangu, akaita mwenye baa, mwenye baa akashangaa kweli kweli, akasema hii si nyama, hii ni jamón! Wallahi hakuwa anafanya mzaha, kwake yeye nyama ni ng'ombe, jamón ni jamón, ni kama chumvi vile. Hakukasirika, akakichukua akaniletea samaki. Toka siku hiyo nikawa nasema mwenyewe kwa mdomo wangu, no como cerdo, sili nguruwe, na kila kitu nauliza lleva jamón, ina jamón? Katlesi zao, croquetas, nyingi zina jamón ndani, uliza. Supu baridi ya nyanya ya Córdoba, salmorejo, wananyunyiza jamón juu, sema sin jamón kabla hawajaimwagia. Ukiona neno manteca mara nyingi ni mafuta ya nguruwe, ukiona vino au jerez kwenye jina la chakula ujue kimepikwa na mvinyo, ruka. Vilivyobaki ni samaki, kamba, ngisi, mayai, mboga, jibini, na mtu wa pwani akikosa cha kula hapo basi ana lake jambo. Na juu kule Albaicín, mtaa wa zamani wa Granada, kuna msikiti, ulifunguliwa 2003, unasali halafu ukitoka bustanini Alhambra yote, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, iko mbele yako ng'ambo ya bonde. Nililia, sitasema uongo.

Kitu kimoja kilichonifurahisha ni maneno. Mwanangu alinionyesha menyu akasema mama soma. Aceitunas, zeituni. Berenjenas, biringani. Azafrán, zafarani. Azúcar, sukari. Waarabu walikaa nchi ile karne kwa karne, Granada yenyewe ndo ilikuwa ya mwisho kuchukuliwa na wafalme wa Kikristo, mwezi wa kwanza 1492, lakini jikoni hawakutoka. Hata hilo neno hata! Wao wakiagana wanasema hasta luego, na hiyo hasta ni ile ile hattá ya Kiarabu tuliyoichukua sisi tukasema hata. Ila ilionivunja mbavu ni albóndigas, vinyama vya duara kwenye mchuzi, sisi tungeita kababu. Asili yake ni bunduq ya Kiarabu, ile njugu ya mviringo, na ndiyo hiyo hiyo ilozaa bunduki yetu, kwa sababu ya risasi za duara za zamani. Kwa hivyo Mhispania anakula bunduki na mchuzi wa nyanya. (Hizo uliza kwanza, nyingi zinachanganywa na nguruwe.)

Biringani zao ndizo nilizozikubali kuliko vyote. Wanazikata vipande vyembamba, wanapitisha kwenye unga, wanakaanga zinakuwa kavu kabisa halafu wanazimwagia miel de caña, wanaita asali ya miwa, nyeusi, nzito. Nilipoionja nikasema hii naijua. Ni sukari guru! Ile ile, ila imeachwa ya majimaji. Chumvi, utamu, na ule uchungu kidogo wa mwisho. Nikaagiza tena, na siku ya pili nikaagiza tena.

Viazi vyao sasa. Patatas bravas, ati maana yake viazi vikali. Mhariri, ukali gani? Mchuzi ule mtoto wa miezi minane anaumeza anaomba mwengine. Na havina ukwaju, havina unga wa dengu, ni viazi vimekaangwa basi. Hapo sisi tumewashinda na sitaki ubishi.

Lakini tortilla nikavua kofia. Msichanganye na ile chapati ya Meksiko, tortilla ya Uhispania ni mayai na viazi, na mtu wa Dar akiiona atasema hii si chipsi mayai? Na mimi nilisema hivyo. Baa moja nyuma ya nyumba ya mwanangu mpishi alikuwa mama wa makamo yangu, akaniona kila siku nachungulia dirisha la jikoni, siku moja akanipungia mkono niingie. Hatukuelewana neno lakini mpishi na mpishi. Viazi alivikata vyembamba visivyo sawa, akavitia kwenye mafuta ya zeituni mengi lakini moto mdogo, havikaangwi vikawa vya rangi, vinalainika tu pole pole pamoja na kitunguu, kama dakika ishirini na kitu. Akachuja mafuta akayaweka. Mayai kayapiga kwenye bakuli, akavitia viazi vikiwa bado vya moto ndani ya mayai, akaviacha vikae. Hapo ndipo penye siri, sisi tunamwagia mayai juu ya chipsi kwenye kikaango, yeye viazi vinakunywa mayai kwanza. Halafu kikaango kidogo kirefu, akatia, akatikisa, akafunika sahani juu, akageuza mkono mmoja pu! akairudisha upande wa pili, dakika moja, akatoa. Alipokata katikati ikawa laini bado inataka kutiririka, mimi nikadhani haijaiva nikamwonyesha kwa kidole, akanipiga kofi dogo la mkono. Na kuhusu kitunguu, kumbe nchi ile watu wanagombana, kuna wa con cebolla na wa sin cebolla kama Simba na Yanga. Yule mama ni wa kitunguu. Mwanangu alinisihi nisiseme hadharani niko upande gani.

Sevilla nikapelekwa baa inaitwa El Rinconcillo, ipo tangu 1670. Ule mchicha wao na dengu kubwa unanukia bizari nyembamba mpaka nkahisi niko nyumbani, nilikula wa watu wawili. Lakini nilichokwenda kukiangalia ni mwenye kaunta. Kila ukiagiza anachukua chaki anaandika bei kwenye mbao ya kaunta mbele yako, tarakimu tu, ukiagiza tena anaandika chini yake, mwisho anajumlisha haraka haraka, unalipa, anafuta kwa kitambaa. Hakuna karatasi. Nikamwambia mwanangu huyu nampeleka Mombasa anisaidie na daftari langu la madeni, ila nikafikiria wateja wangu, watafuta wenyewe.

Madrid nilichoka na joto, nakumbuka kitu kimoja tu, pweza. Wanampika kwa mtindo wa Galicia, kule kaskazini magharibi mwa nchi, anachemshwa, anakatwa kwa mkasi vipande kwenye sahani ya mbao, chumvi ya mawe, mafuta ya zeituni, na unga wa pilipili nyekundu ya moshi wanaita pimentón. Laini kama siagi. Mwanangu akamuuliza mwenye baa mnamfanyaje, akasema zamani walikuwa wakimpiga, sasa wengi wanamgandisha kwanza kwenye friza, na kabla ya kumchemsha wanamchovya kwenye maji ya moto mara tatu na kumtoa, wanasema wanamtisha. Kumtisha pweza! Sisi bibi zetu wamempigiza mawe ufukweni tangu zama, anajua kutii tu, hakuna kutishwa. Ila nikikaa mbele za Mungu, wa kwao alikuwa laini kuliko wa shangazi yangu, na shangazi asionyeshwe hili gazeti.

Mambo madogo ya mwisho kwa anaetaka kwenda. Kule San Sebastián, sikufika lakini mwanangu alifika, wana pintxos, vitu vimepangwa kaunta vimechomwa kijiti juu ya mkate, baa nyingine wanahesabu vijiti ulivyobakisha, kwa hivyo usitupe. Tishu zikiwa chini sakafuni kwenye baa za zamani usikimbie ukasema pachafu, angalia kama wenyeji wamejaa. Mkate ukiletwa bila kuombwa uliza kama unalipiwa. Ukimaliza unasema me cobras, nitoze, na bakshishi ni senti chache tu zilobaki kwenye kisahani, hakuna anaekukodolea macho. Na zile pilipili ndogo za kijani za Padrón, nyingi ni tamu hazina kitu halafu moja katikati inakuchoma roho, huwezi kuijua kwa kuiangalia, mwanangu ilimpata akanywa maji yote ya meza na mimi nilicheka mpaka wenye meza ya pili wakacheka na wao.

Mhariri naomba muitoe hii hata mkiifupisha, ila ile sehemu ya biringani msiikate. Na yule mwandishi wenu mwambieni hana ugomvi na mimi, akipita Mji wa Kale aulize mama wa viazi karibu na kwa wauza kahawa, aje jioni baada ya magharibi, aagize sahani moja tu kwanza.

Mimi nilirudi na makopo mawili ya ile pimentón. Moja limebaki nusu. Nilijaribu kuitia kwenye unga wa viazi karai wiki ilopita bila kumwambia mtu, wateja wawili wakaniuliza kama nimeunguza mafuta, wa tatu akarudi kununua za kupeleka nyumbani.

Mama wa viazi,
Mji wa Kale, Mombasa